Nimero ya mama si mali ya soko

Juma hili tunazungumza juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anakibeba: telefone. Wengine tunaiweka ndani ya mkoba, wengine tunaifunga kwenye ncha ya kikwembe. Kwa telefone tunapata habari za mtoto anayesoma Likasi ao Kolwezi, tunapokea feza ya likelemba, tunamwita mkunga usiku. Lakini kwa telefone hiyohiyo wanaingia pia watu ambao hatukuwaita.

Katika mikutano ya vikundi vyetu hapa Lubumbashi, malalamiko ni yaleyale. Mesaji inalia saa tisa ya usiku, mama anaamka na hofu kwa sababu ana mgonjwa kijijini, kumbe ni tangazo la mchezo wa bahati. Mama mwingine anaweka unite za franka 1.000 jioni, asubuhi anakuta 800, na hakumwita mtu yeyote. Binti ananunua unite barabarani, kisha mwanaume asiyemjua anaanza kumwita kila siku jua likizama.

Mtu anaweza kusema hayo ni matata matatu yasiyohusiana. Sisi tunaona ni tatizo moja. Nimero yetu iko mikononi mwa watu ambao hatukuwapa, ao tuliwapa kwa kazi moja nao wakaitumia kwa kazi nyingine.

Mesaji za aina tatu

Tuzitenganishe kwanza, maana dawa yake si moja.

Aina ya kwanza ni tangazo tu: forfe mpya ya mega, duka lililofunguliwa, benki inayokopesha, bahati nasibu. Hilo halikati feza, lakini linachosha na linaficha mesaji za lazima. Kwenye telefone ndogo ya vitufe, nafasi ya mesaji ikijaa, mesaji mpya haiingii mpaka zile za zamani zifutwe. Mesaji ya shule ao ya hospitali inaweza kuchelewa kwa sababu telefone imejaa matangazo ya michezo.

Aina ya pili ni huduma inayolipiwa: muziki anaousikia mtu anapokuita, horoskopu, habari za mpira, mistari ya Biblia, maswali ya mashindano. Hapa unahesabiwa kuwa umejiandikisha, na kila siku ao kila juma unite zinakatwa. Wengi hawakumbuki kuwa walijiandikisha. Mara nyingi dirisha dogo linaruka juu ya ekra, linaandikwa kwa Kifaransa, chini yake kuna neno «OK». Mama anataka liondoke ili apige simu yake, anabonyeza. Ao mtoto aliyepewa telefone ili anyamaze anabonyeza mara tatu. Tayari, umekubali.

Tufanye hesabu. Tuseme huduma inakata franka 50 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni franka 1.500. Kwa mwaka ni franka 18.250. Kikundi cha wamama 30 wenye huduma hiyo kinapoteza franka 45.000 kila mwezi. Kama mtunza feza wa likelemba angetoa feza hiyo kwenye sanduku bila kuuliza, tungemwita mbele ya mkutano siku hiyohiyo. Lakini ikikatwa kidogokidogo ndani ya telefone, tunasema «network ni mbaya» na tunaongeza unite.

Aina ya tatu ni wizi wazi. «Umeshinda zawadi, tuma feza ya usafirishaji.» «Mama, nimekutumia feza kwa makosa, tafadhali nirudishie.» «Tunatoka kampuni ya telefone, tupe kode yako ya siri ao konto itafungwa.» Tunaotumia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money tuweke hili kichwani: kode ya siri ni yako peke yako, na mtumishi wa kweli wa kampuni haiombi. Mtu akikuambia amekutumia feza kwa makosa, usisome mesaji yake, soma salio lako. Kama salio halikuongezeka, hakuna feza iliyoingia. Kama kweli imeongezeka, mwambie aende kwa kampuni yake irudishe kwa njia yake.

Aina hizi tatu zinasaidiana. Mwizi anayejua jina lako, nimero yako na kikundi chako anaaminika haraka kuliko mwizi asiyejua kitu. Akianza kwa kusema «Mama Prezidenti wa wamama wa Katuba, habari ya kikundi?», unamjibu kama ndugu. Kwa hiyo swali kubwa ni hili: alipata wapi habari hizo?

Nimero inatoka wapi

Mesaji nyingi za matangazo hazina nimero ya mtumaji, zina jina tu. Huwezi kuzijibu. Nyuma ya jina hilo hakuna mtu aliyekaa akiandikia wamama mmoja mmoja. Mwenye duka ananunua mesaji kwa maelfu kutoka kampuni iliyounganishwa na mitandao ya telefone. Anatoa maneno yake, ambayo kwa kawaida hayapiti herufi 160, na anatoa orodha ya nimero. Mashine inafanya yaliyobaki kwa dakika chache. Maneno ni rahisi kuyapata. Kitu chenye bei hapo ni orodha.

Kampuni ya telefone yenyewe haihitaji kununua orodha, kwa maana sisi sote tuko ndani yake. Siku tuliponunua karte SIM tulitoa kadi ya uchaguzi, ikapigwa picha, jina likaandikwa. Kampuni inajua pia tunaweka unite kiasi gani na tuko karibu na mnara upi. Hayo ni ya lazima ili telefone ifanye kazi. Shida inaanza pale habari zilizochukuliwa kwa kazi hiyo zinapotumiwa kutuuzia vitu ambavyo hatukuomba.

Lakini tusitazame makampuni makubwa tu. Orodha nyingi zinaanzia mtaani kwetu.

Ya kwanza ni daftari la muuza unite. Ukikaa chini ya mwavuli wake unamtajia nimero kwa sauti, watu watano wanasikia, naye anaandika. Daftari linabaki mezani siku nzima. Anayepita anaweza kulisoma. Wavulana wengine wanajua vizuri kwamba nimero ya binti inapatikana hapo bila kumuomba binti mwenyewe. Kwa muuza M-Pesa ni zaidi, kwa sababu hapo pameandikwa jina, nimero na kiasi cha feza ulichotoa.

Ya pili ni orodha ya waliohudhuria. Tunaijua wote. Kila formasyo, kila seminari, kila mkutano wa shirika, karatasi inapita: jina, jinsia, kartie, telefone, sahihi. Tunajaza bila kuuliza kwa sababu mbele kuna feza ya usafiri. Wakati wa kufunga, mtu anapiga picha karatasi hiyo na kuiweka katika grupu la WhatsApp pamoja na picha za chakula. Nimero za wamama arobaini zimetoka nje ya chumba.

Ya tatu ni grupu za WhatsApp zenyewe. Mtu akiingizwa katika grupu anaweza kuona nimero za wote waliomo. Grupu la wazazi wa darasa moja, ambalo kila mtu amepewa ruhusa ya kumuingiza mwenzake, baada ya mwaka linakuwa na watu ambao hawana mtoto katika shule hiyo.

Ya nne ni programu za telefone zinazoomba ruhusa ya kusoma nimero zote ulizoziweka. Hapo hautoi nimero yako tu. Unatoa ya mama yako, ya padri, ya daktari na ya kila mama wa kikundi. Katika Kenya, mwaka 2023, ofisi ya serikali inayolinda habari za watu ilitoza kampuni moja ya kukopesha kwa telefone faini ya karibu shilingi milioni 3, kwa sababu ilitumia majina na nimero ilizopata kwa watu wengine na kutuma mesaji za vitisho. Ni vizuri tulijue jambo hilo, kwa maana mikopo ya namna hiyo inatangazwa hata kwetu.

Sheria iko upande wetu

Wengine wanafikiri kulalamika juu ya mesaji ni kujisumbua, kwamba serikali haina neno juu ya hilo. Si hivyo.

Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake, na kwamba haki hiyo haiguswi isipokuwa pale sheria inapotaja. Sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya telekomunikasyo inagusa pia siri ya mawasiliano na ulinzi wa habari za mtumiaji. Kisha ikaja ordonansi-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile inayoitwa Code du numérique. Hiyo inatengeneza kanuni za kulinda habari za mtu. Msingi wake ni ridhaa: mtu aulizwe na akubali, isipokuwa katika hali ambazo sheria yenyewe inazitaja.

Afrika pia imesema neno. Nchi za Umoja wa Afrika zilipitisha huko Malabo, mwaka 2014, mkataba juu ya usalama wa mitandao na ulinzi wa habari za watu, nao ulianza kufanya kazi tarehe 8 Juni 2023. Mkataba huo unataka nchi zilizoukubali zikataze matangazo yanayotumwa kwa mtu ambaye hakutoa ruhusa mbele.

Na kuna mamlaka yenye kazi ya kusimamia makampuni ya telefone na kulinda watumiaji: ARPTC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Tukisema «hakuna wa kumlalamikia», tunajinyima wenyewe.

Tena tumekwisha kuona kwamba kelele za wengi zinasikika. Mwezi wa Septemba 2020 ilianza ile RAM, orodha ya telefone za nchi nzima. Unite zilikatwa ndani ya telefone zetu ili kulipa kodi hiyo: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo, dola 7 kwa telefone kubwa za intaneti. Watu walilalamika sokoni, kwenye radio, barabarani, mpaka bungeni. Mapema mwaka 2022 serikali iliiondoa. Haikuondoka kwa sababu mtu mmoja alikasirika nyumbani kwake. Iliondoka kwa sababu watu wengi walisema jambo moja kwa wakati mmoja.

Vikwembe kwa orodha

Tuwasimulie sasa jambo lililotukuta katika kikundi chetu, kwa sababu linaweza kufika kwenu pia.

Mwezi wa Februari, wakati vikundi vyote vinatafuta vikwembe vya 8 Machi, mfanyabiashara mmoja alikuja kwenye mkutano wetu. Alisema atatupa vikwembe kwa nusu ya bei, kwa kila mama. Hakutaka feza mbele. Alitaka kitu kimoja: orodha ya kikundi, yenye majina, nimero za telefone na avenue ya kila mmoja, ili awe anatutumia habari za bidhaa zake.

Tulizungumza muda mrefu. Mama mtunza feza alisema neno lenye uzito: vikwembe ni ghali, wengine wetu wana watoto wanne shuleni, na orodha ni karatasi tu. Mwingine aliongeza kwamba nimero zetu ziko kila mahali tayari, hatuna kitu cha kuficha. Wengi walitikisa kichwa kwa kukubali. Mikono ilikuwa karibu kuinuliwa.

Ndipo mjane mmoja, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliomba kusema. Alisema baada ya kifo cha mume wake, watu wa familia ya mume walimtisha kwa telefone kwa miezi mingi juu ya kiwanja. Alibadilisha nimero na akahama kartie. «Nimero hii mpya nimeipa kikundi hiki na shule ya watoto tu,» alisema. «Mkiitoa, sijui itafika wapi.»

Hakuna aliyemjibu kwa haraka. Tulielewa kwamba anayesema «sina kitu cha kuficha» anasema kwa ajili yake mwenyewe. Hawezi kusema kwa ajili ya mama aliyeketi pembeni yake. Huyo pembeni anaweza kuwa na mume aliyempiga na anayemtafuta. Anaweza kuwa na deni, ao ugonjwa, ao binti aliyemficha kwa dada yake. Hakutuambia, na hana lazima ya kutuambia.

Masikilizano yetu yalikuwa haya: orodha haitoki. Tulimwambia mfanyabiashara kwamba mlango uko wazi. Aje siku ya posho, aweke bidhaa zake mezani, azungumze, aache nimero yake. Mama anayetaka atamwita mwenyewe. Alisema atafikiri. Hakurudi.

Tusifiche bei tuliyolipa. Vikwembe tulinunua kwa bei ya soko la Kenya, na wamama wengine walivaa vya mwaka uliopita. Wako kati yetu ambao mpaka leo wanaona tulikataa zawadi. Lakini kikundi kimejifunza neno moja ambalo tungependa kila kikundi cha chama chetu kilikubali: nimero ya mama mwenzako si yako kuitoa. Alikupa wewe. Akitaka kumpa mwingine, atampa mwenyewe.

Nyumbani tufanye hivi

Jioni soma salio lako na uliandike. Asubuhi lisome tena kabla ya kumwita mtu. Ukikuta limepungua, kuna huduma inayokula. Iite ofisi ya wateja ya kampuni yako, ao nenda kwenye duka lake, na uombe maneno haya: «Nitajieni huduma zote zilizo kwenye nimero yangu, na ziondoeni zote ambazo nitawaambia.» Uliza jina la aliyekujibu, andika tarehe na saa.

Mesaji ya huduma inayojulikana, yenye nimero fupi, mara nyingi inakuambia namna ya kujitoa, kwa kawaida kwa kuandika neno STOP. Fanya hivyo na utunze jibu. Lakini mesaji ya mtu usiyemjua, yenye nimero ndefu, usiijibu hata kwa hasira. Jibu lako linamwambia kwamba nimero iko hai na kuna mtu anayesoma.

Kwenye telefone za ekra kubwa, bonyeza mesaji na ukae na kidole juu yake. Utaona neno «Bloquer». Telefone nyingi za vitufe zina kitu hicho chini ya maneno «Liste noire». Kijana wa nyumbani atakuonyesha.

Mtoto akipewa telefone, zima kwanza intaneti na unite ziwe kidogo. Mwambie: dirisha likiruka, usibonyeze OK, leta kwa mama.

Unite, kama una feza kwenye konto ya telefone, zinunue kutoka hapo. Hivyo hautaji nimero yako kwa mtu. Ukimtuma binti barabarani, mwandikie nimero kwenye kikaratasi, na arudi nacho.

Ukienda kusajili karte SIM, kadi ya uchaguzi isitoke machoni pako. Usiiache kwa muuzaji «mpaka kesho». Mtu mwingine anaweza kuandikishwa kwa jina lako, na akifanya ubaya, jina linaloitwa ni lako.

Kwenye kikundi tufanye hivi

Daftari la wanachama likae kwa mtu mmoja, ndani ya nyumba iliyofungwa. Lisipigwe picha. Kama tunahitaji orodha ya malipo ya likelemba, tuandike majina bila nimero.

Shirika likituletea karatasi ya kujaza, mama sekretere aulize mambo matatu mbele ya wote: nani ataisoma, ni kwa kazi gani, na itatunzwa wapi. Kuuliza si ukosefu wa heshima. Shirika la kweli lina jibu. Na mama asiyetaka kuandika nimero yake aandike ya kikundi, asisukumwe.

Katika grupu la WhatsApp, viongozi tu ndio waingize watu. Aliyetoka katika kikundi aondolewe pia katika grupu, kwa upole na kwa kumuambia mbele.

Na sisi wenyewe tunaouza tusijisahau. Wamama wengi hapa wanauza tomsoni, ndakala, nguo na mafuta, na wanatuma picha za bidhaa kwa wateja. Ni kazi nzuri. Lakini mteja aliyetupa nimero ili tumletee ndakala mara moja hajasema tumtumie picha kumi kila asubuhi. Tumuulize. Akikataa tumshukuru. Mteja aliyeheshimiwa anarudi.

Kulalamika kwa pamoja

Mama mmoja akienda dukani kulalamika juu ya franka 50, anaweza kuchekwa. Wamama 30 wakileta barua moja, hakuna wa kucheka.

Barua iwe fupi. Iseme sisi ni nani, ni nimero zipi zilizokatwa unite, tarehe zipi, kiasi gani, jina lililoonekana juu ya mesaji, na tunataka nini: huduma iondolewe, feza irudishwe, na matangazo yasitumwe tena bila ruhusa. Kila mama aseme mwenyewe kama anakubali nimero yake iandikwe humo. Mtoto wa sekondari atatusaidia kuiweka kwa Kifaransa. Tuipeleke kwanza kwa kampuni yenyewe, tukiwa na kopi mbili, na waweke muhuri na tarehe kwenye kopi yetu. Wakikaa kimya, kopi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayosindikiza barua ya pili, kwa ARPTC. Bila muhuri watasema hatukufika.

Matangazo mengine yanatusaidia. Tunafurahi kujua siku ya chanjo ya watoto, ao bei mpya ya forfe. Hatusemi biashara ife, ao telefone inyamaze. Tunaomba tuulizwe kabla, na «hapana» yetu ipokewe.

Mkutano ujao, kila mama aje na telefone yake ikiwa na moto, na asifute mesaji zinazomsumbua kabla ya kuja. Tutakaa wawili wawili, anayesoma Kifaransa na asiyekisoma, tuhesabu huduma ambazo hatukuomba na tuandike tarehe zake. Anayetaka kuwa katika barua atasema mwenyewe. Mama sekretere ataleta karatasi, na daftari la nimero litabaki nyumbani kwake, limefungwa.